MREJESHO: Miguu ya kabati langu la gemu

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Ni lile kabati la gemu, yaani mashine ya kuchezea yenye skrini, stiki na vitufe, la plaiwudi ya milimita 18, nililoomba ushauri liwekewe miguu gani ya urembo.

Nimemsikiliza aliyenikataza miguu iliyoinama kwa nje. Kwenye meza inapendeza, ila hili lina skrini juu na watu wawili wanavuta stiki kwa nguvu. Fundi wa kukereza hapa Pasua, Moshi, kanitolea minne ya mninga, iliyonyooka, minene juu, myembamba chini, sentimita 15. Ule mninga ukishapakwa vanishi, jamani!

Kazi ilikuwa kufunga. Skrubu nilizopiga moja kwa moja kwenye plaiwudi zilichomoka siku ya pili. Nikagundisha vipande vya mbao ngumu ndani, kila kona, ndipo nikapitisha bolti za milimita 8 na washa (vile visahani vya bolti) pana. Sasa halitikisiki hata mkilisukuma. Chini nimebandika mpira, sakafu yetu ni ya vigae.

Kitu nilichosahau: vitufe navyo vimepanda sentimita 15. Mwanangu wa darasa la pili anacheza akiwa juu ya stuli, na sipendi. Jumamosi narudi kwa fundi apunguze sentimita 5.