Yule nesi dalali wa viwanja: hivi kweli mtu unauza kiwanja cha kona huku mapigo ya mwanangu yanashuka??

Wakuu salamu baadaye. Naandika nimelala ubavu, mshono unavuta, mtoto yuko kwapani ananyonya, na mkono unatetemeka kwa hasira wala siyo kwa dawa. Jamaa ametoka hapa kitandani kwangu SASA HIVI. Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Dodoma hii kama hujazalia mikononi mwake basi umenunua kiwanja mikononi mwake. Yule wa simu mbili, funguo za gari kiunoni zinalia kama kengele ya beberu.

Eti kaja kunipa hongera. Nikasema haya, labda kajirudi. Kamtazama mwanangu, kachekacheka, kaingiza mkono mfukoni mwa ile sare nyeupe, katoa biznesi kadi. Wakuu, BIZNESI KADI. Kanilazia kadi juu ya khanga ya mtoto halafu anasema "mama, huyu bwana mdogo asije akakua mpangaji kama baba yake, nina viwanja vya Nala vimepimwa, mnalipa kidogo kidogo." Kama baba yake! Na baba yake amesimama palepale kashika chupa ya uji!

Sasa mjue huyu mtu alinifanyia nini leba ndo mtaelewa kwa nini nataka kumtafuna.

Chupa ilinipasukia nyumbani Nkuhungu, tukapanda bajaji, mama mkwe kashika beseni, kila tuta namuona malaika. Kufika napimwa naambiwa njia bado, sentimita tatu, tembea tembea. Nimetembea ile korido mpaka mlinzi akaanza kunisalimia kwa jina. Na uchungu wangu wote ulikuwa mgongoni, kiuno kinapasuka, baadaye daktari ndo kuniambia mtoto kichwa kiko chini sawa lakini uso kautazamisha mbele badala ya kuutazamisha mgongoni kwangu, kwa hiyo kichwa kinasaga uti wa mgongo na njia haifunguki vizuri. Mtoto wa kwanza, sijui kitu, mi nikadhani ndo uchungu wenyewe. Nikafika sentimita nane nikagota hapohapo. Wakaniwekea dripu ya kuongeza uchungu. Jamani ile dripu. Ile dripu ikatengwe na dawa za binadamu. Mara maji yanayotoka yamekuwa ya kijani, mtoto keshajisaidia humohumo ndani.

Hapo ndo nafika kwenye jambo lenyewe.

Jamaa kainama, kaweka kile kimashine cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, anahesabu, midomo inacheza. Simu ikaita. Kaangalia kioo. Wakuu, akaninyooshea KIDOLE. Mimi! Mimi ndo mwenye uchungu, naambiwa kwa kidole nisubiri kidogo! Kamwachia kimashine binti wa mafunzo, kabana simu kwa bega na sikio, glavu bado mkononi, anaanza: "bosi, ni kona. Nakwambia kona. Kona haisubiri mtu." Huku nyuma yule binti anaita "kaka, tisini! Kaka yamefika tisini!" Na yeye bila hata kugeuka anamjibu wa kwenye simu, "ndiyo bosi, tisini, mita tisini tu kutoka lami."

MITA TISINI KUTOKA LAMI. Moyo wa mwanangu unazima yeye anapima umbali wa lami!

Halafu akakosa karatasi ya kuandikia. Akachukua kadi yangu ya kliniki. Ninayo hapa, siwatungii. Presha yangu imeandikwa, uzito umeandikwa, wingi wa damu umeandikwa, halafu chini kwa kalamu nyekundu: "KONA 7.5 MWISHO." Mwanangu akiwa mkubwa akiuliza nilizaliwaje namwonyesha hii kadi, kona saba na nusu mwisho.

Aliyeniokoa ni binti wa mafunzo aliyekimbia kumwita daktari, mama mmoja mfupi, kaja kavaa ndala, kaangalia mara moja tu kasema thieta. Sindano ya mgongo, pazia, nasikia wananivuta kama vile wanatafuta kitu kilichoangukia chini ya begi, mtoto katoka kimya. Kimya. Wakamsugua, wakamvuta makamasi, wakamwekea kile kipulizio usoni, mimi namuuliza kila mtu mbona halii, hakuna anayenijibu. Halafu akalia. Kidume, kilo tatu na nusu na ushee. Daktari na yule binti Mungu awape miaka mia.

Lakini kidole! Yaani mpaka sasa nikifumba macho sioni kisu wala damu, naona kile kidole ndani ya glavu. Subiri kidogo mama. Nisubiri nini, mvua?

Basi. Nimemaliza. Tukaneni naye.

---

Zege_la_Area_A: Siti ya mbele kabisa, mwenye bisi apitishe. Hongera mama kwa kidume. Ila swali dogo la nje ya mada, hiyo kona ni mita tisini kweli au mita tisini za dalali?

Binti_wa_Bahi: Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Mimi huyohuyo alinishona. Anashona huku anamwelekeza mtu njia kwenye simu, "ukifika kwenye mbuyu kata kulia", nikamwambia kaka usikate popote nakuomba, shona tu.

Mleta uzi: @Binti_wa_Bahi nilijua siko peke yangu!! Na funguo zilikuwa zinalia?

Binti_wa_Bahi: Zilikuwa zinalia mama. Nilikuwa nahesabu nyuzi kwa mlio wa funguo.

Glavu_Saba_na_Nusu: Mimi ni mkunga, siyo hapo mlipo ila nipo Kanda ya Kati hukuhuku. Kwanza pole dada na hongera. Pili, mapigo ya mtoto kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika, yakiwa tisini na yamekaa hapo haitakiwi simu hata ya rais. Unafunga dripu ya uchungu kwanza, unamlaza mama ubavu wa kushoto, unaita daktari. Nani alifunga dripu? Tatu, msitujumuishe wote. Mnaona dalali tu, hamuoni zamu ya usiku mtu mmoja na vitanda vyote vimejaa, mwingine anasukuma huku, mwingine anatoka damu kule, na mwezi ukifika tarehe 12 mshahara umekuwa hadithi. Mtu akiuza kiwanja pembeni msimshangae.

Mleta uzi: Dripu alifunga binti wa mafunzo. Sijashangaa kuuza kiwanja mkuu, auze hata uwanja wa ndege wa Msalato, ila ASINIUZIE JUU YA TUMBO.

Mzee_wa_Mlenda: Wanawake wa siku hizi. Mama yangu alizaa tisa porini Chamwino, anarudi na kuni kichwani na mtoto mgongoni.

Glavu_Saba_na_Nusu: @Mzee_wa_Mlenda na wangapi hawakurudi na kuni wala mtoto? Muulize mama vizuri.

Zege_la_Area_A: Mzee kapigwa na glavu.

Baba_Siku_Tatu: Naomba na mimi nilie hapahapa. Sheria ya kazi ya 2004 mama anapewa siku 84, akizaa mapacha 100. Baba siku 3. TATU! Na uzitumie ndani ya wiki moja ya kuzaliwa mtoto. Mke wangu kapasuliwa, hawezi hata kuinuka kwenda chooni, mimi siku ya nne niko ofisini Mtumba nagonga mihuri huku nasinzia. Bosi ananiuliza "kwani wewe ndo uliyezaa?"

Binti_wa_Bahi: @Baba_Siku_Tatu mbona wangu siku zake tatu alizimalizia na rafiki zake pale Chako ni Chako wanampongeza kwa kuku? Mkipewa 84 kuku wote wa Dodoma wataisha.

Baba_Siku_Tatu: Usinifananishe na mumeo dada, mi nilikuwa nafua nepi.

Hati_Bado: Ngoja kwanza. Mleta uzi, Nala?? Kalamu nyekundu?? Huyo ndo aliniuzia mimi! Nimelipa, nimepewa mpaka karatasi ina mhuri, naenda na fundi kuchimba msingi nakuta jamaa mwingine keshamwaga tofali na nyanya kapanda. Nampigia, anasema yuko leba hawezi kuongea. Kila nikimpigia yuko leba! Kumbe kweli alikuwa leba!

Zege_la_Area_A: HAHAHAHA leba haongei na wateja, kwenye viwanja haongei na wajawazito. Mtu wa msimamo.

Mleta uzi: @Hati_Bado siku ile ya kidole nadhani ni wewe uliyekuwa unapiga.

Hati_Bado: Siyo mimi, mi ningekuwa natukana ungesikia.

Mkazi_wa_Zamani_Makole: Vijana mnaumizwa kwa sababu hamjui historia. Enzi za CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, kiwanja ulikuwa unakipata kwa foleni na sharti usipojenga kinachukuliwa, tulikuwa tunalalamika kweli lakini ramani ilikuwepo. Ilipovunjwa 2017 shughuli ikahamia manispaa, mwaka uliofuata tukawa jiji, kila mwenye simu akawa dalali. Kinyozi dalali, muuza zabibu dalali, mchungaji dalali.

Mleta uzi: Jamani uzi wangu ni wa LEBA.

Mkazi_wa_Zamani_Makole: Nimekuelewa binti yangu, pole sana, kunywa uji wa uwele. Lakini hili la viwanja ni kubwa.

Ringi_Rodi: Kubwa mno. Mimi kiwanja changu cha Veyula bikoni zangu za mipaka zote nne zilikuwepo, ikapita barabara ya mzunguko ile ya kilomita 112, sasa nina bikoni mbili na tingatinga. Fidia nafuatilia mpaka viatu vimeisha soli.

Hati_Bado: Wewe una bikoni mbili unalia, mimi nina nyanya za mtu!

Glavu_Saba_na_Nusu: Dada mleta uzi, hebu niambie homa huna? Mshono hautoi maji? Ukiona joto linapanda au unatoa damu nyingi usisubiri raundi, paza sauti.

Mleta uzi: Asante mkunga wangu, homa sina, nina hasira tu. Ila wakuu ile biznesi kadi siioni. Nimemuuliza mama mkwe anatazama pembeni, naona kitu kimefungwa kwenye pindo la khanga yake. Na mume wangu yuko nje dirishani anaongea na simu, amesema "kidogo kidogo". Nakuja.

Zege_la_Area_A: Amenunua huyo.

Mpangaji_Ilazo: Afadhali anunue. Nyie mna viwanja mnagombana, mimi mwenye nyumba kapandisha kodi tena, ananiambia "wafanyakazi wa wizara ndo wanalipa hivyo". Maji yanatoka usiku wa manane, upepo umeng'oa bati la choo, na luku tunachangia na saluni ya mke wake!

Ringi_Rodi: Ilazo ipi? Nyumba ya geti la bluu?

Mpangaji_Ilazo: Hiyohiyo!! Unamjua?

Ringi_Rodi: Niliondoka bado ananidai umeme wa drayer. Fungua uzi wake, usimchanganyie huyu mama.

Hati_Bado: Usifungue, malizia hapahapa, tumeshakaa.