Ukoo wa Kibokoni: tiketi za Zaynab

Shangazi Mwanaisha: Zaynab mwanangu, mamako kanambia kazi yako iko mashakani. Kuna nini?

Zaynab (New York): Shikamoo shangazi. Ni kweli. Tiketi za mchezo wetu wa jukwaani haziendi. Jana nilichungulia kabla ya pazia kufunguliwa, viti vya ghorofani karibu vyote vitupu, na hata chini kuna mapengo.

Halati Ruqayya (Muscat): Si tunaambiwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo hapo New York, watu wanapigania kuingia?

Zaynab: Ile michezo mikubwa ndiyo, halati. Wetu ni hadithi mpya. Haukutoka kwenye filamu, hauna mwigizaji anayejulikana na watalii. Na hapa hakuna serikali ya kutubeba. Kila wiki tiketi ndizo zilipe waigizaji, wapiga muziki, mafundi wa taa, sisi wa mavazi, kodi ya ukumbi na matangazo. Tunacheza mara nane kwa wiki. Mapato yakipungua, pengo linazibwa na akiba. Akiba ikiisha, karatasi inabandikwa ubaoni nyuma ya jukwaa, kwamba tunafunga tarehe fulani.

Zaynab: Tena mwenye ukumbi naye ana kifungu chake kwenye mkataba. Mauzo yakishuka chini ya kiwango walichokubaliana, wiki mbili mfululizo, ana haki ya kututoa aweke mchezo mwingine.

Mama Zaynab: Na bima yake ya afya inategemea wiki alizofanya kazi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Salim (Newark): Sasa si mgawe tiketi za bure ukumbi ujae? Mimi na wenzangu wanne tunakuja leo hii.

Zaynab: Za bure zishagawiwa sana, Salim. Zinasaidia kitu kimoja: waigizaji wakiona nyuso mbele yao wanacheza vizuri zaidi, na kicheko cha mmoja kinamwamsha wa pili. Lakini kwenye dirisha la tiketi haingii hata dola. Na aliyepewa bure leo, wengi wao hawarudi kununua kesho.

Ami Hamid (New Jersey): Ngojeni. Hili mimi nalijua, nilikuwako.

Ami Hamid: Nilifika hapa 1974 kusoma. Januari 1975 ukafunguliwa mchezo uitwao The Wiz, ukumbi wa Majestic, Barabara ya 44. Waigizaji wote weusi. Dorothy, mhusika mkuu, aliigizwa na binti wa miaka 17, Stephanie Mills, sauti yake yafika mpaka kiti cha mwisho. Nyinyi mwaijua ile filamu ya Diana Ross na Michael Jackson, lakini hiyo ni ya 1978, jukwaa lilitangulia. Walipokuwa wakiujaribu miji mingine mambo yaliwaendea kombo, mwongozaji akabadilishwa, kazi akakabidhiwa Geoffrey Holder, mtu wa Trinidad, ambaye pia ndiye aliyebuni mavazi yote. Basi wakafika New York, na usiku ule ule wa ufunguzi, tangazo la kufunga likabandikwa.

Shangazi Mwanaisha: Usiku wa kufungua?? Hamid, wewe wasema kweli?

Ami Hamid: Kweli dada. Tiketi za wiki zijazo hazikuwa zimeuzwa, na baadhi ya wahakiki wakubwa waliupokea baridi. Mtayarishaji, Ken Harper, hakukubali. Kampuni ya filamu ya 20th Century Fox, iliyokuwa na pesa zake mle, ikaongeza nyingine za kusukuma wiki chache na kulipia tangazo la televisheni. Wakati huo huo watu weusi wa mji huu wakaambiana. Makanisa yakanunua tiketi kwa vikundi, watu wakaja na watoto wao, wengi hawajawahi kukanyaga Broadway maishani. Mimi nililetwa na mama mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga, yeye na wenzake wa kanisani, nami Muislamu peke yangu kwenye basi lao. Nilikula kuku wao njia nzima.

Ami Hamid: Aprili mwaka huo huo ukashinda tuzo saba za Tony, zile tuzo kubwa za Broadway, pamoja na ile ya mchezo bora wa nyimbo. Ulikaa mpaka Januari 1979. Maonyesho 1,672. Na nyimbo ni zile zile zilizoimbwa usiku wa tangazo! Ulichopata ni muda, watu wausikie.

Zaynab: Ami hujawahi kunisimulia haya ❤️ Hapo hapo ndipo penye shida yetu. Habari nzuri inatembea kwa miguu, kodi inakuja kila wiki.

Zaynab: Wengine hawakupata huo muda. Mchezo uitwao KPOP ulifunguliwa mwisho wa Novemba 2022, tarehe 11 Desemba umefungwa. Maonyesho 17. Mwaka uliofuata ukateuliwa kuwania Tony tatu, muziki, upangaji wa dansi na mavazi, na jukwaa lao limeshabomolewa zamani. Halafu mtazame Maybe Happy Ending, roboti wawili wa Seoul, nani angenunua? Mwanzoni mauzo yalikuwa duni, watu wa mjini wakiuhesabia siku. Walioupenda wakarudi na marafiki, wakarudi tena. Juni 2025 ukachukua Tony sita.

Halati Ruqayya: Mimi niulize waziwazi. Je, huu wenu ni mzuri? Maana kumlipia mtu tiketi kwa huruma na kumlipia kwa sababu kuna kitu, ni mambo mawili.

Zaynab: Swali la haki, halati. Sehemu ya kwanza inachelewa kushika, nimewaambia hata wenyewe. Lakini kuna wimbo mama anakunja nguo za mwanawe aliyehama, anazikunja na kuzikunjua. Mimi ndiye ninayemvalisha yule mama. Nafunga vifungo vyake gizani, anatoka, na mimi nabaki pembeni nasikia watu wakivuta kamasi. Kila siku, hata siku ya watu mia. Nimefanya kazi kwenye michezo iliyojaa ambayo haikufanya hivyo. Huu unastahili kuonwa.

Halati Ruqayya: Basi nimeridhika.

Salim: Sawa, tununue. Ila bei? Pale Duffy Square si kuna kibanda cha nusu bei?

Zaynab: Kipo, TKTS, tangu 1973. Kinauza za siku ile ile, na hata hizo zinasaidia. Lakini watayarishaji wanapokaa kuamua, wanaangalia tiketi za wiki zijazo zilizokwisha lipwa. Mkiweza, mnunue mapema kwa kikundi, kuna punguzo la kikundi. Na iwe Jumatano jioni, si Jumamosi. Jumamosi inajiuza.

Ami Hamid: Nitasimama Ijumaa baada ya swala niwatangazie jamaa zetu. Wacomoro wapo, Wazanzibari wapo, na yule Mkongo mwenye duka la vitambaa ana watu wake wa kwaya. Nataka ishirini.

Shangazi Mwanaisha: Mimi siwezi kupanda ndege kuja kutazama. Nitamtumia Hamid pesa ya kiti kimoja, akae mwanafunzi asiye na uwezo. Lakini kiti kizuri, si cha nyuma ya nguzo.

Mama Zaynab: Allah akulipe, wifi. Na mimi kimoja.

Zaynab: Nimepiga simu dirishani sasa hivi. Jumatano ya wiki ya tatu kutoka leo, safu ya F na G katikati ziko wazi zote. Watatushikia mpaka Jumatatu.

Salim: Niandike wawili. Wale wanne nitawaambia walipe wenyewe.

Halati Ruqayya: Andika na mwanangu wa Philadelphia, na mkewe. Nawalipia mimi.

Ami Hamid: Pesa zije kwangu kabla ya Jumapili usiku. Anayechelewa nitampigia simu.