iPad imekwama kwenye tufaha, vipimo vya wateja vimo ndani: naomba msaada

CherehaniWete
Asalaam aleikum jamani. Mie ni fundi cherehani, nipo Wete. Nina iPad ya kizazi cha sita, ile ya mwaka 2018, kaniletea kaka yangu kutoka Muscat. Juzi usiku niliiachia ijisasishe huku nafasi imebaki kiduchu, asubuhi naikuta na alama ya tufaha tu. Inazima, inawaka, tufaha. Ndani mna vipimo vya wateja thalathini na kitu, nguo za Idi, na nakala sina. Msinigombeze.

Fundi mmoja wa simu kanambia dawa ni kufuta kila kitu, elfu sitini. Nikaona bora nijaribu mwenyewe kwa laptopu ya mume wangu, ina Windows na iTunes. Ile picha ya waya na kompyuta inatokea vizuri, iTunes inaanza kushusha faili la GB 5 hivi, kisha iPad inajitoa yenyewe na kurudi kwenye tufaha. Mara tatu sasa, bando linateketea. Kosa la iPad au langu?

MzeeWaKonde
Waalaikum salaam. Nakala bibie, nakala! Haya, nimenyamaza.

Mlandege_PC
Dada, si kosa lako wala la iPad. Ile picha ya waya na kompyuta ndiyo hali ya uokozi, na ina muda wake: faili likichukua zaidi ya dakika 15 kushuka, iPad inajitoa. Sasa piga hesabu, GB 5 kwa dakika 15 ni zaidi ya MB 5 kila sekunde. Kwa bando la simu hapo Wete utakesha.

Inapojitoa wewe usiguse kitu. Usifunge iTunes, usichomoe, acha faili limalize kushuka hata kama ni usiku kucha. Nadhani hapo ndipo bando lako lilipokuwa likipotea, ulikuwa unakatisha na kuanza upya. Likishamaliza, irudishe iPad kwenye hali ya uokozi: yako ina kitufe cha nyumbani, basi kibonye pamoja na kitufe cha juu bila kuachia. Tufaha likitokea usiachie! Wengi wanaachia hapo. Subiri mpaka picha ya waya.

Zitakuja chaguo mbili, Update na Restore. Bonya Update. Hiyo inajaribu kuweka mfumo upya bila kugusa vitu vyako. Restore inafuta, na ndiyo hiyo ya elfu sitini.

CherehaniWete
Kumbe! Na kama nikimwomba mtu wa Unguja mwenye intaneti nzuri anishushie, aniletee kwa flashi?

Mlandege_PC
Inawezekana. Awe na faili la iPad kizazi cha sita hasa, si iPad yoyote, na liwe toleo la karibuni, maana Apple wanaidhinisha matoleo mapya tu. La zamani litakataliwa hata likiwa zima. Yako inaishia iPadOS 17, asikushushie 18. Ukishalipata, shikilia Shift kwenye kibodi ndipo ubonye Update, utaulizwa faili liko wapi. Intaneti bado utaihitaji kwa ile idhini, ila kidogo tu.

BintMkoani
Mpigie kaka yako kabla hujaanza. Akaunti ya Apple iliyomo ni ya nani? Ikifika pahala pa Restore na akaunti ni yake, itaomba nywila yake, na kompyuta haiondoi kufuli hiyo. Mie nilinunua ya mkononi, mpaka leo ni kibao cha kukatia vitunguu.

CherehaniWete
Kaka kanitumia nywila, ahsante. Faili limeshuka usiku, alfajiri nikabonya Update, imefika katikati ikatoa kosa 4013. Nalia.

Mlandege_PC
Usilie. Namba hiyo mara nyingi ina maana mawasiliano yamekatika. Waya unaotumia ni upi?

CherehaniWete
Wa elfu tatu wa gengeni.

MzeeWaKonde
Ehee.

Mlandege_PC
Azima uliokuja na kifaa chenyewe, chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, si kwenye kigawanyo, na ujaribu tundu jengine. Laptopu iwe na chaji kamili, umeme ukikatika katikati tutarudi tulipoanza. Ikigoma hata hivyo, huenda ni ubao wa ndani, na hapo mimi nitaishia.

CherehaniWete
Nimeazima waya kwa mwalimu wa skuli jirani. Mstari ulijaa, ikazima, tufaha, mstari tena, halafu ikaniomba namba yangu ya siri. Nimefungua daftari, vipimo vyote vipo, hata vya bibi harusi wa Mtambwe. Nimeshavinakili kwenye karatasi, Mzee wa Konde ufurahi. Mlandege, Mungu akulipe.

MzeeWaKonde
Nimefurahi. Kanzu ya mtoto wa miaka sita unashona kwa ngapi?

CherehaniWete
Njoo na mtoto, na kitambaa. Kabla ya kumi la mwisho, baada ya hapo sipokei.