Maoni ya wanafunzi katikati ya muhula: karatasi, fomu ya Google, Moodle au CR?

Mhadhiri_Mgeni
Habari za kazi wakuu. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, darasa la wanafunzi 180 hivi. Tathmini rasmi ya chuo hujazwa mwisho wa muhula, wakati aliyelalamika hanufaiki tena na chochote. Nataka niwaulize wiki ya 7, baada ya test ya kwanza. Nafikiria karatasi darasani, fomu ya Google, Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni wa chuo), au CR (mwakilishi wa darasa) akusanye maoni kwenye grupu la WhatsApp. Kwa darasa kubwa namna hii, mngechagua ipi?

Bi_Semina
WhatsApp iondoe kabisa. Namba zinaonekana, na CR naye ni mwanafunzi unayemsahihishia. Atakuletea yale ya kukufurahisha.

Mimi ni mtu wa karatasi. Robo ya A4, bila jina, maswali matatu tu: nini kinakusaidia kuelewa, nini kinakukwamisha, ungependa nibadili nini kuanzia wiki ijayo. Dakika 10 za mwanzo wa kipindi, si za mwisho, maana mwisho watu wanawahi daladala. Wewe toka nje, karatasi ziingie kwenye boksi mlangoni. Waliopo karibu wote hujibu. Kazi ni kusoma miandiko 180, lakini ukizipanga kwa mafungu (kasi, mifano, sauti, mazoezi) jioni moja inatosha.

Kaka_Mfumo
Naheshimu karatasi, ila Moodle ina moduli ya maoni ambayo unaweza kuiweka isionyeshe majina, na majibu yanajipanga yenyewe. Fomu ya Google pia ni nzuri, lakini angalia mipangilio: zima ukusanyaji wa baruapepe, na usiwashe kile kipengele cha jibu moja kwa kila mtu. Kinamlazimu mwanafunzi aingie kwa akaunti yake, na akishaona hivyo anafunga. Chochote utakachochagua, wajaze mkiwa darasani. Ukiwaambia wakajaze hosteli, kuna wasio na bando na kuna watakaosahau.

Mwaka_wa_Pili
Shikamooni walimu wangu. Naomba niseme kama mwanafunzi. Moodle tunaingia kwa namba ya usajili. Hata mkituambia jina halionekani, wengi hatuamini, na alama 40 za coursework (kazi na test za muhula) ziko mikononi mwenu. Kwenye karatasi naandika ukweli.

Halafu kuna hili: muhula uliopita mhadhiri mmoja alitupa fomu nzuri sana, tukajaza kwa moyo, hakuitaja tena mpaka UE (mtihani wa mwisho wa muhula). Aliyefuata na fomu yake, nusu ya darasa hawakuigusa.

Bi_Semina
Marahaba mwanangu. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote tuliyoandika hapa.

Mzee_wa_Mitaala
Kuna njia ya tano. Joseph Clark wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliianzisha: mwenzako anaingia darasani, wewe unatoka, wanafunzi wanajadili katika vikundi vidogo yanayowasaidia na ya kurekebisha, kisha darasa zima linakubaliana. Nusu saa hivi. Faida yake ni kwamba lalamiko la mtu mmoja linachujwa na wenzake palepale. Kwa 180 ni vurugu, ila kwa kundi moja la semina inawezekana. Usimwite mkuu wa idara, yeye ndiye anayekuandikia ripoti ya kupandishwa cheo. Mwite mhadhiri mwenzako.

Mtafiti Peter Cohen alipokusanya tafiti mwaka 1980 aliona walimu waliopewa maoni katikati ya muhula walipimwa vizuri zaidi na wanafunzi mwishoni kuliko wasiopewa, na waliopata mtu wa kukaa nao kuyajadili walipanda zaidi. Kwa hiyo hata ukitumia karatasi, zipitie na mwenzako.

Mhadhiri_Mgeni
Nimeshawishika: karatasi kwa darasa zima. Kipindi kinachofuata nafungua na slaidi moja: haya nabadili, haya siwezi na sababu yake. Nusu wakisema nakimbia na nusu wakisema naburuza je?

Bi_Semina
Waonyeshe hesabu yenyewe, wewe si mwalimu wa takwimu? Kisha uliza wanaokimbizwa wameachwa mada gani. Ikiwa ni mada ya mkengeuko sanifu (standard deviation), urudie kwenye semina, mhadhara uendelee. Wakisema sauti haifiki nyuma, usisubiri slaidi. Kaombe maikrofoni siku hiyohiyo.