Mrejesho: kutoka kusafisha meno hadi kufundisha

Ahsanteni wakuu. Niliuliza kama msafisha meno mwenye diploma ya miaka miwili hapa Marekani anaweza kufundisha fani hiyo chuoni. Nimejibiwa kuwa inawezekana: mwalimu wa muda wote hutakiwa awe na shahada ya kwanza. Mkuu wa programu, uzamili. Zipo kozi za kumalizia shahada kwa mtandao, kazi huachi. Kabla ya kulipa, dai kwa maandishi ni kredit zipi (alama za masomo uliyokwisha kusoma) chuo kitazitambua, na ndani ya kozi kuwe na mazoezi ya kufundisha.

Ukishaanza kufundisha, kazi ipo kwenye kusahihisha wanafunzi. Mwanafunzi akipima mfuko wa fizi (uwazi kati ya fizi na jino) akapata kina cha milimita 3, wewe ukapata 5, tazama mkono wake: kati ya jino na jino, probu (kijiti cha kupimia) isipoinamishwa kidogo chini ya pale meno yanapogusana haifiki kwenye kina chenyewe.