Hundi ya boksi na kijana mwenye kansa: huu ni msaada au tangazo?

Chumvi ya Bahari (mleta mada)
Wakuu, mmeiona ile picha? Kampuni imepeleka hundi ya boksi, kubwa kama mlango, kwa vijana wanaougua kansa. Kijana wa miaka 16, nywele zimeisha kwa dawa, dripu mkononi, kashikishwa pembe moja. Bosi na tisheti mpya pembe ya pili. Kwa nini sheria isizilazimishe kampuni zichangie bila kamera? India, kama sikosei, kwa sheria ya 2013 kampuni kubwa hutenga 2% ya faida.

Mzee wa Kijiwe
Wivu tu. Benki za CRDB na NBC zinakimbiza watu marathoni, pesa zinatibu mioyo ya watoto na saratani ya mlango wa kizazi. Kamera haimuumizi mgonjwa. Halafu hiyo 2% hata kwetu Tanzania ipo.

Chumvi ya Bahari
Ya kwetu ni kikomo cha msaada ambao kampuni inaruhusiwa kuuondoa kwenye mapato kabla ya kupigiwa kodi, sheria ya 2004. Hapo hakuna aliyelazimishwa mzee, kuna aliyepunguziwa.

Mama Naima
Mimi nimeona katoni za juisi pale chini ya kitanda. Sukari inalisha kansa! Nani karuhusu?

Nesi Mstaarabu
Mama, kumnyima sukari hakuponyi kansa. Mtoto akiwa kwenye dawa mdomo unajaa vidonda, hata mate yanamshinda. Akitamani juisi, mpe.

Mama Naima
Wewe umesoma, mimi nimeuguza. Tuheshimiane.

Mzee wa Kijiwe
Juisi ya boksi ni rangi na maji. Wangepeleka ukwaju.

Nesi Mstaarabu
Ukwaju kwenye vidonda? Mzee, una roho ngumu.

Mtaa wa Saba
Walipeleka hospitali ya kansa ya Ocean Road au wapi?

Nesi Mstaarabu
Watoto wenye kansa walihamia hospitali ya Muhimbili 2011. Ocean Road wanafuata mionzi.

Golikipa Mstaafu
Endeleeni na juisi. Mdogo wangu alivimba goti akiwa kidato cha pili. Tukasema mpira huo. Kachuliwa kwa mafuta miezi mitatu, kumbe kansa ya mfupa, na hiyo hupenda umri ule na hupenda goti. Dawa hatukulipia, tulishindwa nauli na pa kulala. Jina la hospitali silitaji: wodi ya watoto miguu ilipita kitanda, wakamhamishia kwa wazee, usiku kucha anasikiliza watu wanavyokata roho. London walifungua wodi ya vijana peke yao 1990. Kampuni ikitulipia basi na chumba, ipige picha hata mia.

Chumvi ya Bahari
Pole kaka. Lakini hapo umekubaliana na Mzee, siyo?

Mama Naima
Pole baba. Mguu je?

Golikipa Mstaafu
Ulikatwa juu ya goti. Sasa anawafundisha watoto wa mtaa kudaka, kakaa kwenye ndoo. Juisi hakuigusa, mama. Alikuwa akililia soda.

Mama Naima
Soda ndiyo mbaya zaidi.