Tangi la stenlesi la bagi limepasuka: nichomeleshe au niunde jipya?

Mlima_Mchanga
Habari wakuu. Nina bagi, yaani kigari cha wazi cha kuendea mchangani, niliyoiunda mwenyewe, chesisi ya Volkswagen Beetle, bodi ya faiba. Tangi la asili liliisha kwa kutu, chumvi ya Kilifi mnaijua, nikaundiwa la stenlesi, bati la milimita 1.2, lita 40 hivi. Sasa lina ufa mwembamba wa urefu wa kidole, umeanzia pembeni mwa mguu unaolishikilia. Petroli inatoa jasho tu, haitiririki, lakini tangi la gari hili liko mbele, juu ya miguu ya dereva, na wanangu hupanda humu. Fundi wa mtaani asema nimwage mafuta, nisuuze kwa maji, anichomelee jioni hiyo hiyo. Roho inasita.

Nanga
Isikilize roho yako. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke, na ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa iliyomo, cheche moja yatosha. Maji ya kusuuza hayafikii mafuta yaliyojificha kwenye mishono. Joto la kuchomelea ndilo linaloyatoa.

Baba Zuhura
Sisi huingiza moshi wa ekzosi ya gari jingine ndani ya tangi, kisha tunachomelea. Miaka yote.

Nanga
Mzee wangu, shikamoo. Moshi huo hauna kipimo. Dizeli ikiunguruma bila mzigo, moshi wake bado umejaa oksijeni. Mimi nachomelea stenlesi za boti, na tangi la petroli siligusi hivyo.

Litolewe garini, geji na mipira ing'olewe. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tena na tena mpaka harufu iishe kabisa. Dawa ya kung'arishia nguo usiitie, klorini hula stenlesi. Halafu ufa ukae juu, jaza maji hadi vidole vinne chini yake, na nafasi iliyobaki ipitishwe agoni, gesi isiyowaka inayofukuza hewa. Hiyo agoni pia huzuia ule ukoko mweusi upande wa ndani, ambao ndio mwanzo wa ufa mwingine. Kabla ya kuchomelea, toboa tundu la milimita 3 kila ncha ya ufa, ili ufa usiendelee kutambaa. Mashine iwe ya TIG, ile ya kuchomelea kwa umeme na agoni, na waya wa stenlesi namba 308L kama bati ni stenlesi namba 304. Brashi iwe ya stenlesi, isiyowahi kugusa chuma cha kawaida.

Huo mguu umechomelewa moja kwa moja kwenye tangi?

Mlima_Mchanga
Ndiyo, na bolti zinaingia kwenye chesisi bila mpira. Ndani hakuna vigawanyo, vile vibamba vya kuzuia mafuta yasiyumbe.

Mwana wa Gereji
Basi ugonjwa ndio huo. Lita 40 za petroli ni karibu kilo 30, na kila shimo zinapiga ukuta mmoja. Ukichomelea ufa peke yake, bati litapasuka kando ya mshono mpya. Ningekuwa wewe ningeunda jipya, milimita 1.5, lenye vibamba viwili ndani, lilale juu ya mpira na kufungwa kwa mikanda ya bati. Na kwa kuwa bodi ni faiba, vuta waya kutoka tangi na shingo ya kujazia hadi kwenye chesisi, umeme tuli usikusanyike unapojaza mafuta.

Dereva wa Zamani
Kulifikisha gari gereji, paka sabuni ya mche kavu kwenye ufa, sukuma iingie. Petroli haiiyeyushi. Gundi ya epoksi juu ya bati lenye mafuta haishiki.

Mlima_Mchanga
Nashukuru sana. Naunda jipya. Wanangu hawapandi mpaka lifungwe. Litapimwaje kama linavuja?

Nanga
Ziba matundu yote, tia upepo kwa pampu ya baiskeli hadi psi 2 au 3 (kipimo kile kile cha upepo wa matairi), paka maji ya sabuni kwenye mishono utafute povu. Kompresa ya matairi isilisogelee: kuta bapa hufura na kupasuka.